Je, Anaambilika?

Andiko la msingi: 1 Samweli 25:2–42
Soma pia: Mathayo 7:15–20, 2 Samweli 12:1–13, Ufunuo 3:20 na 5:1–6



Katika kile kisanduku cha maswali tulichoweka mlangoni kwa ajili ya mfululizo wetu wa mahusiano, swali moja limerudi mara kadhaa, kwa miandiko tofauti. Mmoja ameuliza kwa ufupi: "Pasta, kusoma riwaya za mapenzi za wanaume hatari ni dhambi?" Mwingine akaandika: "Na kama nazipenda sana?" Wa tatu hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba kitabu kimoja kinammalizia bando na usingizi. Nimefurahi mmeuliza. Watu wamezoea kuleta kanisani maswali ya ubatizo na fungu la kumi. Wakianza kuleta na yale ya saa saba usiku, ujue wanaamini kwamba katika nyumba ya Mungu mambo yote yanazungumzika.

Kwa ambaye hajui tunaongea kuhusu nini, panda matatu ya asubuhi kutoka Thika au Ruiru kwenda Nairobi, uangalie simu za watu. Huyu anatazama mpira, yule yuko TikTok, na dada aliyekaa dirishani amezama kwenye maandishi. Githurai imepita, Roysambu imepita, hajainua kichwa. Anasoma riwaya ya kurasa mia sita aliyotumiwa na rafiki kwa WhatsApp. Ndani yake kuna mwanaume tajiri, au jambazi, au yote mawili. Haongei sana. Hacheki. Ana kovu na ana siri, na mji mzima unamwogopa. Halafu anatokea msichana wa kawaida, na kwa huyo peke yake lile jiwe linaanza kupasuka. Ndiyo riwaya zinazoitwa za mapenzi ya giza.

Filamu ya kitabu kimoja cha jamii hiyo, Fifty Shades of Grey, ilipigwa marufuku hapa Kenya na bodi ya kuainisha filamu mwaka 2015. Lakini bodi haiwezi kukaa ndani ya simu yako. Kwa hiyo swali limerudi kwako na kwangu. Mimi nimesoma riwaya moja ya aina hii mpaka mwisho, kwa sababu sipendi kuhubiri juu ya kitu nilichosimuliwa tu. Na nikwambie ukweli: inavuta. Basi tuulize kwa nini.

Nani analipwa?

Nilisomea biashara, kwa hiyo kabla ya swali la kiroho huwa nauliza la sokoni: hapa nani anapata nini? Amazon wana mpango unaoitwa Kindle Unlimited, na tangu Julai 2015 waandishi walio ndani yake hulipwa kulingana na kurasa zinazosomwa. Ukurasa mmoja haufikishi hata senti moja ya dola. Sasa piga hesabu. Kama unalipwa kwa ukurasa, utaandika hadithi fupi? Utaifungua siri ya huyo mwanaume kwenye ukurasa wa 40? Utaificha mpaka wa 580, na mwisho wa kila sura utaacha mlango wazi kidogo ili msomaji asilale. Sisemi ni wizi, ni biashara halali. Ila ujue kwamba ukimya wa yule mwanaume una bei, na kila sura anayonyamaza kuna mtu analipwa. Kitabuni ukimya wake unamlipa mwandishi. Nyumbani, ukimya kama huo unaulipia wewe.

Hamu yenyewe si dhambi

Kinachovuta si ubaya wa huyo mwanaume. Kinachovuta ni kuchaguliwa. Kati ya watu wote aliowafungia mlango, amemfungulia mmoja. Fikiria dada anayeamka saa kumi na nusu ili awahi kazi, anayerudi Kimbo au Makongeni saa mbili usiku na bado jiko linamngoja. Mchana kutwa ameitwa "wewe" na "madamu" na "sista", na hakuna aliyemwita kwa jina lake. Anafungua simu na kukutana na hadithi ambayo mtu mwenye nguvu kuliko wote chumbani hamwoni mwingine ila yeye. Nani hataki hivyo?

Hamu ya kuonekana, kujulikana na kulindwa aliipanda Mungu mwenyewe. Biblia haioni haya kuhusu mapenzi. Kuna Wimbo Ulio Bora, sura nane nzima. Kuna Ruthu na Boazi, hadithi inayoanza na njaa na misiba, ikaishia na mtoto mapajani mwa nyanya yake. Kwa hiyo sikuja kukunyang'anya simu. Nimekuja kukuonyesha jambo moja ambalo kitabu hukufanyia, na maisha hayatakufanyia kamwe.

Kitabu kinakufungulia kifua chake

Wasomaji wa riwaya hizi mnajua zinavyopangwa. Sura hii anasimulia msichana: amenipita bila salamu, macho baridi kama ya nyoka. Sura inayofuata anasimulia mwanaume mwenyewe, na hapo unasikia yote. Kumbe hakulala. Kumbe moyo unamuuma. Kumbe ukali wote ule ni hofu ya kumpoteza. Msichana hajui, lakini wewe unajua. Ndiyo maana unamvumilia mtu ambaye ungemwona steji ungevuka barabara. Anapofoka, wewe umeshasoma kwamba anapenda. Anapomfuata kwa siri mpaka nyumbani, wewe umeshasoma kwamba anamlinda.

Tembea Membley au mitaa mipya ya Ruiru, uhesabu mageti yenye kibao cha "Mbwa Kali". Riwaya hizi ni kama geti hilo, ila mwandishi amekunong'oneza tangu mwanzo: ingia tu, huyu mbwa hatakuuma wewe. Kwa hiyo unaingia na moyo unadunda, lakini ni mdundo wa raha, kwa maana unajua umeshalindwa. Kwenye maisha kibao ni kile kile, rangi ni ile ile, na hakuna wa kukunong'oneza.

Nabii Samweli alisimama mbele ya Eliabu, kijana mrefu mwenye sura ya kifalme, akadhani amempata mfalme. Bwana akamrekebisha: jicho la binadamu hukomea usoni, moyoni hufika Mungu peke yake (1 Samweli 16:7). Kama nabii hakupewa kuona moyo kwa macho, wewe na mimi ni nani? Mungu hakukupa sura inayosimuliwa na yule kaka. Yesu amekupa kitu kingine cha kusoma, nacho ni matunda. Hakutuambia tuwatambue watu kwa majeraha yao ya utotoni, wala kwa yale ambayo labda wanayahisi usiku wakiwa peke yao. Matunda, mpendwa. Yale yanayoonekana, yanayoshikika, yanayoliwa na walio karibu.

Hatari ya riwaya hizi naiona hapa. Siamini kwamba dada atafunga kitabu asubuhi aende kutafuta jambazi. Naamini jicho linazoea. Linazoea kusoma ukali kana kwamba ni barua ya mapenzi ambayo haijafunguliwa. Akipekua simu yako, unasema ni wivu, ananipenda. Akikukataza kwenda chama, unasema ananitaka mwenyewe. Akinuna wiki nzima, unasema ana maumivu, nikivumilia atafunguka. Unamwandikia sura zake wewe mwenyewe, kichwani mwako, na kila sura unayomwandikia ni nzuri kuliko yeye.

Wanaume wawili hatari, na Abigaili katikati

Twende kwenye andiko. Wa kwanza ni Nabali wa Maoni. Kondoo 3,000, mbuzi 1,000. Kwa mizania ya biashara, huyu ni mteja ambaye benki yoyote ya Thika ingemkaribisha kwa chai. Lakini kuna deni lisiloandikwa kwenye vitabu vya hesabu, nalo ni tabia. Maandiko hayamfichi: alikuwa mtu mkali na mwenendo wake ulikuwa mbaya.

Wa pili ni Daudi. Tumezoea kumwona na kinubi, lakini katika sura hii mwangalie vizuri. Ni mkimbizi anayelala nyikani. Waliomfuata ni watu wenye madeni na uchungu wa roho. Ametukanwa mbele ya vijana wake 10 aliowatuma kwa heshima. Amejifunga upanga, anashuka na watu 400, na ameapa kwamba kufikia asubuhi hakuna mwanaume wa nyumba ile atakayekuwa hai. Ukitafuta mwanaume hatari ndani ya Biblia, huyu hapa. Na ndiye mtiwa mafuta wa Bwana.

Basi tofauti iko wapi? Wote wana hasira, wote wana watu chini yao, wote wanaweza kuumiza. Tofauti iko mstari wa 17, kinywani mwa mtumishi. Kijana yule anamwendea Abigaili, anamweleza hatari iliyo njiani, halafu anamweleza kwa nini hakwenda kwa bosi mwenyewe: Nabali ni mtu ambaye huwezi kumwambia neno. Haambiliki.

Kanisa, mmesikia nani alijua? Mtumishi. Waliokuwa wakichunga kondoo wake walikuwa wameshasoma kitabu chote. Siku hizi riwaya nyingi za namna hii huweka onyo ukurasa wa kwanza: humu mna ukatili, mna hili na lile, ingia ukijua. Mwanaume haji na ukurasa wa onyo. Onyo lake ni watu wanaoishi chini yake: wafanyakazi wake, dada zake wadogo, makanga aliyechelewesha chenji, mhudumu wa hoteli aliyemletea chai ikiwa baridi. Waulize. Ukishindwa kuuliza, kaa kimya uangalie nyuso zao akiingia. Dalili ya mvua ni mawingu.

Sasa Abigaili anatoka. Mikate 200, viriba 2 vya divai, kondoo 5 waliokwisha kuandaliwa, nafaka ya kukaanga, zabibu kavu, tini, punda wamepakiwa. Hakumwambia mumewe. Anakutana na Daudi mlimani, anashuka, anaongea. Na Daudi, mwenye upanga kiunoni na kiapo mdomoni, mbele ya watu 400 wanaongoja kuona kama atarudishwa nyuma na mwanamke, anasimama. Anasikiliza. Anamshukuru Mungu kwa ajili yake. Anakiri kwamba alikuwa njiani kumwaga damu na ni yeye aliyemzuia. Kisha anamwambia arudi kwake kwa amani.

Angalia jambo hili vizuri. Hakuwa mchumba wake, alikuwa mke wa mtu. Hakumsikiliza kwa sababu yeye peke yake ndiye mwenye ufunguo wa moyo wake. Alimsikiliza kwa sababu alichosema kilikuwa kweli. Riwaya inakufundisha kutamani mwanaume aliye mkali kwa wote na mpole kwako. Mpendwa, mwanaume aliye mpole kwako peke yako bado hajawa mpole. Ana sababu tu, na siku sababu ikiisha utasimama pale walipokuwa wamesimama wengine.

Maswali matatu

Swali la kwanza ndilo la mstari wa 17: je, anaambilika? Hili linapimika mapema, kabla ya barua ya posa. Mwambie hapana kwenye jambo dogo. Mwambie Jumamosi hutapatikana. Mwambie hukupenda alivyomsemesha yule mhudumu. Halafu tulia uangalie. Anayeambilika anaweza kukasirika, hata Daudi alikasirika, lakini neno linaingia. Asiyeambilika atakufanya ujute kusema, na safari ijayo utanyamaza mwenyewe kabla hajakunyamazisha.

Swali la pili: Nathani wake ni nani? Maana Daudi huyu huyu, miaka baadaye, alimchukua Bathsheba na kumuua Uria. Kuambilika mara moja si chanjo ya maisha. Kilichomrudisha kwa Mungu ni kwamba alikuwepo mtu aliyeweza kuingia ikulu na kumwambia mfalme usoni kwamba mkosaji ni yeye, na akatoka akiwa hai. Mwanaume asiye na mtu hata mmoja wa kumketisha chini, si mzee wa kanisa, si mjomba, si rafiki, atabaki na wewe tu. Na wewe, hata ukimpenda vipi, hutatosha kuwa mke na nabii na polisi.

Swali la tatu: akiambiwa, anageuka au analia tu? Machozi si tunda. Maua na chakula cha jioni Kamakis baada ya kofi si toba. Toba ina miguu, na unaijua kwa kuangalia inakokwenda. Daudi aliposema amesikia, upanga ulirudi alani na watu 400 wakarudi naye.

Usiendelee kulisha kware

Mnakumbuka kware? Mwaka 2013 kuingia 2014 kila mtu alitaka kuwafuga. Mayai yalikuwa na bei ya kushangaza, watu wakajenga vizimba, wakaomba leseni, kisha soko likaporomoka. Kuingia kulikuwa rahisi, ugumu ulikuwa kutoka. Mtu anaona kabisa kwamba mayai hayanunuliwi, na bado anaenda dukani kuchukua gunia jingine la chakula, kwa sababu ameshaweka pesa nyingi. Darasani tulifundishwa hivi: pesa iliyokwisha kuzama haipigi kura. Uamuzi wa leo huangalia kilicho mbele.

Riwaya ndefu inakushika hapo hapo. Umeshasoma kurasa 400, utaachaje? Na uchumba wa miaka sita unakushika hivyo hivyo: nimemvumilia sana, amekaribia kufunguka. Lakini kitabu kina ukurasa wa mwisho, na mwandishi ameahidi furaha. Uchumba wako haujaahidiwa furaha na mwandishi yeyote.

Nyanya wa riwaya hizi alilijua hilo. Jane Eyre ilitolewa Uingereza mwaka 1847 na Charlotte Brontë, binti wa mchungaji, na ndani yake yumo mwanaume mwenye siri. Siku ya harusi msichana anajua kwamba mwanaume huyo ana mke aliyefungiwa ghorofani. Hakubaki ili amponye. Aliondoka kabla ya jua kuchomoza, na pesa kidogo, akiwa bado anampenda. Kupenda na kuondoka vinaweza kukaa ndani ya moyo mmoja.

Kwa aliye tayari ndani ya nyumba

Hapa naongea taratibu, kwa sababu kuna anayesoma gazeti hili akiwa amelificha.

Oktoba 2021 tulimzika Agnes Tirop, siku chache baada ya kuuawa nyumbani kwake Iten. Mwezi uliotangulia alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya kilomita 10 za barabarani katika mbio za wanawake pekee. Miguu iliyoshinda dunia nzima haikuweza kumtoa katika nyumba yake. Januari 2024 wasichana waliuawa katika nyumba za kukodi za muda mfupi, mmoja wao Roysambu, kando ya barabara yetu hii hii, na tarehe 27 mwezi huo maelfu ya Wakenya waliandamana Nairobi na miji mingine. Hawa hawakuuawa na kitabu, wala kwa kukosa hekima. Waliuawa na aliyewaua, na lawama yote ni yake. Mtu asichukue somo hili akaligeuza jiwe la kumrushia aliyekufa.

Lakini kwa aliye hai nina neno. Kuna ushauri unaotembea makanisani: vumilia, omba, funga, atabadilika. Msome Abigaili tena. Alichukua hatua ya kuokoa watu wa nyumba yake bila kungoja ruhusa ya mlevi, na Biblia inamsifu kwa akili zake. Aliporudi akamkuta Nabali amelewa, hakumwambia neno mpaka asubuhi pombe ilipomtoka. Hiyo ni busara ya mwanamke anayejua aishi vipi na hatari. Na sura nzima ukiitafuta, hakuna mahali ambapo Nabali anafunguka. Mungu hakumwagiza Abigaili ambadilishe. Nabali alikuwa mzigo wa Mungu, na Mungu mwenyewe alimshughulikia.

Kwa hiyo kuomba na kutoka mahali pa hatari havipingani. Unaweza kumwombea ukiwa umelala salama kwa dada yako. Nambari 1195 hupigwa bure, mchana na usiku, kwa ajili ya ukatili wa kijinsia. Ukiumizwa, tangulia hospitali, kama Thika Level 5 au iliyo karibu nawe. Kama ni ubakaji, fika kabla ya saa 72 kuisha, kwa sababu dawa ya kukukinga na virusi vya Ukimwi ina muda wake. Tangu mwaka 2015 Kenya ina sheria ya kukulinda dhidi ya ukatili wa nyumbani, na mahakama inaweza kutoa amri ya kumzuia asikukaribie. Viongozi wa akina mama kanisani watakusindikiza. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Kwa ndugu zangu wanaume

Mmecheka sana tangu mwanzo, mkidhani somo ni la akina dada. Wengi wetu tulilelewa tukiambiwa mwanaume halii, hasemi, haulizi. Tukatundika kibao cha "Mbwa Kali" kifuani, na sasa hata watoto wetu wanapita mbali. Kibao hicho si uanaume. Kumbuka kwamba Daudi hakupungua nguvu aliposikiliza. Siku ile aliokoa damu ya watu na dhamiri yake mwenyewe. Ndugu, wiki hii mtafute mtu mmoja umwambie: ukiniona napotea, una ruhusa ya kunisimamisha. Ukikosa hata mmoja, umeshajua tatizo liko wapi.

Basi, nisome au nisisome?

Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba jambo linaweza kuwa halali na bado lisikujenge (1 Wakorintho 10:23). Kurasa za chumbani katika vitabu hivi zimeandikwa ili kuwasha moto usio na jiko. Hizo ziruke, na kama kitabu chote ni hizo, kifunge. Kama kinakula usingizi wako, maombi yako na bando la wiki, kimekuwa bwana wako, na huwezi kutumikia mabwana wawili wenye kurasa mia sita.

Kwa kilichobaki, nakupa zoezi. Chukua hiyo riwaya unayoipenda, uruke sura zote anazosimulia mwanaume. Soma za msichana peke yake, jinsi maisha yanavyokuja kwetu. Ukimaliza, jiulize: kwa nilichokiona, si nilichonong'onezwa, ningekubali dada yangu mdogo aolewe na huyu? Mama, ukikuta riwaya hizi kwenye simu ya binti yako, usianze na kelele. Vitabu hivi ni vya watu wazima, na ni wajibu wako kumwekea mpaka. Lakini kwanza keti naye umuulize swali hilo. Utajua anakojifunza mapenzi.

Simba aliye salama

Nimalize na Ufunuo 5. Yohana analia kwa kuwa hakuna anayestahili kufungua kile kitabu. Anaambiwa aache kulia, Simba wa Yuda ameshinda. Anageuka amwone simba, na anachokiona ni Mwana-Kondoo mwenye alama za kuchinjwa. Hapo ndipo hamu yako inapoelekea, dada. Yupo mwenye nguvu kuliko wote ambaye nguvu zake zilimwaga damu yake mwenyewe, si ya mwingine. Hakuficha moyo wake akungoje uuvunje kwa miaka. Aliwaita wanafunzi rafiki akawaambia yote aliyoyasikia kwa Baba.

Na katika Ufunuo 3:20 amesimama mlangoni. Katika riwaya, mwanaume hatari huingia nyumbani usiku bila kukaribishwa, na tunaambiwa hayo ni mapenzi. Bwana wa mbingu na nchi, ambaye angeweza kuupiga teke mlango ukaanguka, amesimama nje anabisha. Anangoja sauti yako. Mwanaume yeyote atakayekuja kwako, mpime kwa huyo.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Soma tena 1 Samweli 25:14–17. Kwa nini mtumishi alimwendea Abigaili? Walio chini yako nyumbani au kazini wangesema nini juu yako?
2. Ni tendo gani la ukali ambalo jamii yetu hulipa jina la mapenzi? Tunda lake ni nini?
3. Nathani wako ni nani? Kama hayupo, utamwomba nani wiki hii?

Ombi

Baba, wewe peke yako unaona moyo. Tupe macho ya kusoma matunda na ujasiri wa kuamini tunachokiona. Aliye katika nyumba ya hatari usiku huu, mfungulie njia na umpe wa kumpokea. Wanaume wetu wafanye watu wa kuambilika, ukianza na anayehubiri. Na hamu yetu ya kupendwa, ipeleke kwa Mwana-Kondoo aliye Simba. Katika jina la Yesu, Amina.